Filamu Zisizovishwa Taji

Usiku wa tarehe 16 Mei 1929, katika Hoteli ya Roosevelt mjini Hollywood, Akademia ya filamu ya Marekani ilitoa tuzo zake za mwanzo, zile ambazo ulimwengu ulikuja kuzizoea kwa jina la Oscar. Wengi wamesahau kwamba usiku ule taji la juu lilikuwa na sehemu mbili. Wings, yenye mapigano ya ndege za vita, ilitunukiwa kuwa filamu bora. Na Sunrise, ya Mjerumani F. W. Murnau, ikatunukiwa kwa upekee wa usanii wake. Mwaka uliofuata tuzo hiyo ya pili ikaondolewa, likabaki taji moja. Kwa dhahiri, mlango ukawa mmoja kwa wote. Kwa hakika, baadhi ya tanzu zilibakia barazani kwa miaka mingi mno.

Tuanze na filamu za kutisha. King Kong ya mwaka 1933, ambayo watazamaji waliijazia kumbi, haikuteuliwa kwa tuzo hata moja. Psycho ya mwaka 1960 iliteuliwa mara nne, nayo ikatoka mikono mitupu. Muziki wake wa fidla, uliotungwa na Bernard Herrmann na kuigwa hadi leo, haukuwamo hata katika orodha ya walioteuliwa. Mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, aliteuliwa mara tano katika maisha yake kwa tuzo ya uongozaji, asishinde hata mara moja. Ilipofika mwaka 1968 Akademia ikampa tuzo ya heshima. Ndiyo desturi ya wakubwa: deni la miaka mingi hulipwa kwa shada la maua.

Filamu za hadithi za sayansi nazo hazikupata bahati njema zaidi. Stanley Kubrick alipotoa 2001: A Space Odyssey mwaka 1968, filamu hiyo haikuteuliwa kuwania taji la juu. Oscar pekee aliyoipata Kubrick maishani mwake ilikuwa ile ya mbinu za picha za filamu hiyo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1978, Star Wars ilishinda kwa mandhari, mavazi, sauti, uhariri, muziki na mbinu za picha. Taji lenyewe likachukuliwa na Annie Hall.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Si kweli kwamba filamu za umma hazikutuzwa kabisa. Zilituzwa kwa kazi ya mikono, zikanyimwa sifa ya fikra. Utaratibu wenyewe unaeleza kwa kiasi fulani. Wateuzi katika fani nyingi ni mafundi wa fani hiyo hiyo: wanamuziki huwateua wanamuziki, na wahariri wahariri wenzao, na fundi humjua fundi. Lakini filamu bora huteuliwa na wanachama wote kwa jumla, na hapo kinachopimwa si ufundi peke yake, bali pia hadhi ambayo Akademia yataka kujivika mbele ya ulimwengu. Kicheko na hofu hazivai joho.

Wapo waliopenya. The Exorcist ilikuwa filamu ya kwanza ya kutisha kuteuliwa kuwania taji, mwaka 1974. The Silence of the Lambs ilishinda tuzo tano kuu mwaka 1992, ingawa wako wanaokataa hata leo kuiita filamu ya kutisha, kana kwamba ushindi wenyewe umeihamisha kabila. Mwaka 2004 The Return of the King ilizoa tuzo zote 11 ilizoteuliwa.

Kisha The Dark Knight ikaachwa nje ya orodha ya taji mwaka 2009, na miezi michache baadaye Akademia ikapanua orodha hiyo kutoka filamu 5 hadi 10. Agosti 2018 ikatangaza tuzo ya pekee kwa filamu zinazopendwa na umma; lawama zikazuka, na Septemba ikaahirisha. Lawama zilikuwa za haki. Tuzo ile ingekuwa sawa na kumwandalia mgeni chakula jikoni, kisha kumwambia kwamba amekirimiwa. Black Panther iliteuliwa kuwania taji kamili mwaka 2019, ikashinda kwa mavazi, mandhari na muziki. Mikono, kwa mara nyingine.

Sisi wa pwani tuna kipimo chetu cha jambo hili. Fumo Liyongo, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ni pandikizi la mtu lisilouawa ila kwa shaba kitovuni. Lau utendi huo ungekuwa filamu ya Hollywood, ungepangwa pamoja na hadithi za majitu na mashujaa wa ajabu. Lakini wapenzi wa ushairi hawauulizi kama mtu wa namna hiyo aweza kuwapo. Huupima kwa mizani na vina vyake, na kwa uchungu wa baba aliyechomwa usingizini na mwanawe wa kumzaa. Ajabu ya hadithi haikuupunguzia utendi uzito. Ndiyo iliyoubeba uchungu huo ukatufikia. Filamu ya kutisha nayo yastahili kuulizwa swali hilo hilo: imebeba nini ndani ya hofu yake, na imekifikisha namna gani?