Prunus africana: mti wa dawa wa milima ya Kivu na shida ya mbegu zake

Katika misitu ya milima ya Kivu ya Kaskazini kuna mti ambao ganda lake husafirishwa mpaka Ulaya kutengenezewa dawa ya wanaume wazee. Jina lake la kisayansi ni Prunus africana. Upande wa Rwanda wanauita umwumba. Watu wengi wanajua kwamba ganda lake lina pesa. Lakini mti huu unachelewa kuzaa, mbegu zake hazikai siku nyingi, na mti mmoja mzee ukikauka, miche ya miaka mingi ijayo inapotea pamoja nao.

Ni mti gani?

Ni mti mkubwa, unaweza kufikia mita 30 na zaidi. Ganda lake ni jeusi au la kahawia nyeusi, limepasukapasuka. Ukisugua majani mkononi yanatoa harufu kama ya lozi chungu, na kweli mti huu ni wa jamaa moja na lozi na pichi.

Unapenda baridi ya milimani, kati ya mita 1,000 na 3,000 hivi juu ya bahari. Kwa asili hauoti nje ya Afrika na visiwa vyake kama Madagaska na Bioko. Hata ndani ya Afrika, unaota mlima huu na mlima ule, katikati hakuna kitu. Kwa hiyo miti ya kila mlima imeishi peke yake kwa muda mrefu sana, na wataalamu wameona kwamba damu yao, tuseme hivyo, inatofautiana. Miti ya Kivu ikiisha, mbegu za Kamerun hazitarudisha mti uleule.

Kwa nini ganda linatafutwa?

Wenyeji wa milima mbalimbali ya Afrika walitumia ganda hili kama dawa tangu zamani. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alisajili haki ya kutengeneza dawa kutokana nalo. Ni dawa ya kuvimba kwa prostati, ugonjwa unaosumbua wanaume wengi wenye umri mkubwa. Toka wakati ule ganda limewahi kutolewa Kamerun, Madagaska, Kenya, Uganda na Kongo yetu.

Sasa shida iko wapi? Chini ya ganda ndipo chakula kinapopita kutoka majani kwenda mizizi. Mtu akibandua ganda kuzunguka mti wote, mizizi inakufa njaa, na mti unakauka polepole ukiwa umesimama. Wengine hawana hata subira hiyo: wanaangusha mti kwanza, ndipo wanabandua ganda mpaka kwenye matawi.

Kanuni inayofundishwa ni hii. Mti wenye kipenyo chini ya sentimita 30 hauguswi. Ule mkubwa unagawanywa pande nne, zinabanduliwa mbili zinazotazamana, na mbili zinabaki. Panga lisiingie ndani ya mbao. Halafu mti unapumzishwa miaka kadhaa mpaka ganda lirudi. Ukifuatwa hivyo, mti unaweza kuishi na kuendelea kuzaa.

Unavyozaa

Maua yake ni madogo, meupe, na yana harufu inayovuta nyuki na wadudu wengine. Wadudu hao ndio wanaopeleka chavua kutoka mti mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo mti uliobaki peke yake shambani, mbali na wenzake, hauzai vizuri kama ile iliyo pamoja.

Tunda ni dogo, la mviringo, jekundu kuelekea zambarau likiiva. Ndege na nyani wanalila na kudondosha mbegu mbali na mti mama. Pale ambapo wanyama wamewindwa wakaisha, mbegu nyingi zinaanguka chini ya mti uleule, zinaota kwa wingi, kisha miche inakufa kwa kukosa mwanga. Mche wa Prunus unahitaji uwazi, kama pembeni mwa msitu au pale mti mzee ulipoanguka.

Mti unaanza kuzaa ukiwa na miaka 15 hivi, na hauzai sana kila mwaka. Tena mbegu si kama maharagwe ya kuweka ndani ya gunia mpaka msimu ujao. Zikikaushwa sana zinakufa. Huwezi kuweka akiba ya miaka mingi. Akiba ni miti yenyewe, ile mikubwa, na ndiyo hiyo yenye ganda nene inayotafutwa kwanza.

Miti ya kiume na miti ya kike

Prunus si peke yake. Juu kwenye volkano za Mikeno na Karisimbi kunaota Hagenia abyssinica, mti wa ndevu za kuvu ambamo sokwe wa milimani wanaishi. Huu una miti ya kiume na miti ya kike mbalimbali. Ni ile ya kike tu inayozaa mbegu, na mbegu hizo hupeperushwa na upepo.

Mvule, ambao wauza mbao wanauita pia iroko, uko vilevile: dume na jike mbalimbali. Popo wanaokula matunda ndio wanaosambaza mbegu zake. Ukikata majike yote ya sehemu moja, madume yanayobaki hayana faida kwa uzao. Na ukipanda mivule peke yake kwa wingi, mdudu mdogo anayeitwa Phytolyma anavimbisha machipukizi na kuyaua. Wanaofaulu wanaichanganya na miti mingine.

Mikaratusi haitoshi

Mji wa Goma unapika kwa makala, na sehemu kubwa ya makala hayo imekuwa ikitoka ndani ya mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Vita vilivyoanza upya mwisho wa 2021 vilileta maelfu ya familia za wakimbizi wa ndani mpaka Kanyaruchinya, chini ya Nyiragongo, na watu wenye njaa wanahitaji kuni leo, si kesho.

Mradi kama EcoMakala wa WWF, ulioanza 2007, umesaidia wakulima kupanda miti ya makala kwenye mashamba yao. Kazi hiyo ni ya maana, kwani inapunguza kiu ya kuni. Lakini mikaratusi na grevilea inayoonekana kila mahali asili yake ni Australia. Kilima kinaweza kuwa kijani chote na bado hakina hata mti mmoja wa msitu wa zamani.

Namna ya kuotesha

Anayetaka kujaribu Prunus afuate njia hii. Okota matunda yaliyoiva, ya rangi ya zambarau, kutoka miti kadhaa, si mmoja. Ondoa nyama ya tunda, osha mbegu, anika kivulini kidogo tu, kisha panda mara moja kwenye pepinyeri yenye kivuli chepesi. Mwagilia bila kufurika. Zitaota baada ya wiki kadhaa. Mahali pasipo mbegu, miche iliyojiotea chini ya mti mkubwa shambani inaweza kuhamishwa ikiwa ingali midogo, pamoja na udongo wake. Ndani ya mbuga hairuhusiwi kuchukua kitu.

Sheria inasema nini?

Tangu 1995 Prunus africana uko kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES: biashara ya nje inahitaji kibali kinachoonyesha kwamba miti haimalizwi. Kongo ina pia sheria ya misitu ya 2002 na sheria ya uhifadhi wa mazingira ya 2014. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua ganda la Kamerun mpaka utaratibu urekebishwe. Mnunuzi akifunga mlango hivyo, anayepoteza kwanza ni mwanakijiji mbanduaji, aliyelipwa kidogo kuliko wote.

Kwa mkulima wa Masisi, Lubero au Rutshuru mwenye Prunus mmoja mkubwa mpakani mwa shamba, hesabu ni hii: ganda lote likibanduliwa leo linauzwa mara moja. Mti ukiachwa na pande zake mbili, unatoa ganda tena, na katikati unatoa mbegu ambazo hakuna duka linaloziuza.