Kauri au Ufinyanzi? Historia ya Majina ya Vyungu vya Upare

Panapoandaliwa tamasha la ufinyanzi katika wilaya kama ya Same, moja ya kazi za mwanzo za afisa utamaduni ni kuandika bango. Endapo maelezo aliyopewa yameandikwa kwa Kiingereza, hana budi kuamua: je, vitu vitakavyoonyeshwa aviite kauri, vyombo vya udongo, au ufinyanzi? Jambo hili laonekana dogo, lakini sivyo. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya majina hayo, tukichukua mfano wa milima ya Upare, kisha tutoe mapendekezo machache kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Tuanze na neno kauri. Neno hili ni jina la kombe dogo la baharini ling'aalo, ambalo zamani lilitumika kama fedha. Neno hilo hilo hutumika pia kwa vyombo vya udongo vyenye utando wa kioo, mathalani sahani za Kichina zilizopachikwa katika makaburi ya mnara ya Kunduchi. Hata Waitaliano walikichukulia chombo cha Kichina jina la kombe kama hilo. Basi kauri ni neno la bandarini, na linafaa kwa vitu vilivyoshushwa bandarini. Vyungu vya Upare si vya namna hiyo. Vimefinyangwa kwa mikono ya wanawake, bila gurudumu, vikachomwa kwa moto wa wazi, wala havina utando wa kioo. Kuviita kauri ni kuvivika vazi la mgeni.

Neno ufinyanzi, kwa upande wake, limezaliwa ndani ya lugha. Kutokana na kitenzi finyanga tumepata mfinyanzi na ufinyanzi, kama vile jenga ilivyotupa mjenzi na ujenzi. Badiliko hilo la sauti ni kanuni ya zamani, iliyokuwapo kabla ya kamati yoyote ya lugha. Vivyo hivyo chungu, nyungu na jungu ni ndugu wa shina moja, waliotofautishwa kwa ngeli na ukubwa. Si maneno yaliyokufa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, "kupiga nyungu", yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani, kulitajwa nchini kote, mijini na mashambani.

Hata hivyo, chungu kilipata mshindani. Reli kutoka Tanga ilipita Same na kufika Moshi mwaka 1911, na kadiri biashara ilivyopanuka, vyombo vya madini vikazidi kuenea. Jina lililovipokea ni sufuria, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu la shaba. Leo sufuria ni ya alumini, lakini jina halikubadilika. Hapa tunajifunza kwamba jina laweza kudumu baada ya kitu chenyewe kubadilika; na kwamba kitu chaweza kudumu huku majina yake yakipotea, kama tutakavyoona.

Mwaka 1967 mtaalamu wa akiolojia Robert Soper alichapisha katika jarida la Azania matokeo ya uchunguzi wake wa vigae vya kale vya kaskazini-mashariki ya Tanzania na kusini-mashariki ya Kenya. Vigae vya kundi moja, vya Zama za Chuma za mwanzo, vilipewa jina la Kwale, mahali palipo kusini ya Mombasa. Vya kundi jingine, la baadaye zaidi, vilipewa jina la Maore, kijiji kilichoko chini ya milima ya Upare Kusini, katika Wilaya ya Same. Mwaka 1971 Knut Odner akaandika katika jarida hilo hilo juu ya vigae vya Usangi, Upare Kaskazini. Tangu hapo jina la kijiji cha Same limo katika vitabu vya wataalamu.

Lakini jina hilo halikutoka kwa wafinyanzi. Ni desturi ya wataalamu hao kuita kundi la vigae kwa jina la mahali yalipopatikana, na desturi hiyo ina hatari zake. Maore ndilo pia jina ambalo Wangazija na jirani zao hukiita kisiwa cha Mayotte. Kwale nako ni jina la kisiwa kilichoko kusini ya Dar es Salaam. Mfasiri asiye mwangalifu aweza kuvusha chungu cha Upare hadi Komoro kwa kalamu tu.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Ufinyanzi liwe jina la kazi na la jadi yake; vyombo vya kufinyangwa liwe jina la vitu vyenyewe; na kauri liachiwe vyombo vyenye utando wa kioo.

(b) Makundi ya wataalamu yaitwe ufinyanzi wa Kwale na ufinyanzi wa Maore, na mara ya kwanza itajwe wilaya: Maore ya Same.

(c) Kipande cha chungu kiitwe gae au kigae cha chungu, kwa kuwa kigae pekee, kwa msomaji wa leo, ni cha paa au sakafu. Methali yetu, "Mfinyanzi hulia gaeni", yathibitisha ukongwe wa neno hilo.

(d) Neno tanuri lisitumike pasipo tanuri. Iwapo vyungu vimechomwa kwa kuni na nyasi mahali pa wazi, tuseme hivyo.

Limebaki jambo lililo kubwa kuliko hayo. Wapare, ambao hujiita Vaasu, wana maneno ya Chasu ya kutaja udongo unaofaa na usiofaa, chungu cha kupikia na cha pombe, ufa wa kukauka na ufa wa moto. Hayo ni istilahi kamili, zilizopimwa kwa kazi. Siku ya tamasha wenye maneno hayo huwa wamekusanyika mahali pamoja, na vyombo viko mbele yao. Afisa anayekwenda kutoa hotuba na achukue daftari pia. Aulize jina la kila chombo, aandike na jina la kijiji, kisha alete orodha yake kwa Baraza, ambalo tangu lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967 lina wajibu wa kuikuza lugha hii. Jina la Maore lilipatikana kwa kuchimba ardhini. Majina haya hayahitaji jembe, lakini wenye kuyajua ni wazee, na hawatatungojea.