Kufukiza na Kuosha: Historia Fupi ya Harufu ya Tumbaku Nyumbani katika Mji wa Kalemie

1. Utangulizi

Methali ya Kiswahili yasema kwamba pafukapo moshi hapakosi moto. Harufu ya tumbaku iliyoganda nyumbani huonekana kuipinga methali hiyo. Moto umekwisha kuzimwa, moshi umetoka dirishani, na pengine mvutaji mwenyewe amekwisha kuhama. Ilhali harufu imebaki ukutani, paziani na godoroni. Makala haya yanachunguza asili ya harufu hiyo, pamoja na njia za kuiondoa, katika mji wa Kalemie ulioko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo maji ya ziwa hutoka kuelekea magharibi kwa mto Lukuga. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili kina vitenzi viwili, kufukiza na kuosha, ambavyo kwa mazoea huchukuliwa kuwa njia mbili za kazi moja. Historia yaonyesha kwamba kazi zake ni mbili tofauti, na kwamba kuzichanganya kuna hasara kwa afya ya wakaao nyumbani, hasa watoto.

2. Tumbaku isiyokuwa na moshi

Ni rahisi kudhani kwamba harufu ya moshi wa tumbaku ni ya zamani sawa na tumbaku yenyewe. Ushahidi wa ng'ambo ya mashariki ya ziwa wakataza dhana hiyo. Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na John Hanning Speke mwezi wa Februari 1858, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba Wajiji hawakuwa na mazoea makubwa ya kuvuta. Mtu alichukua kibuyu au kijungu kidogo chenye tumbaku, akatia maji, akakamua, kisha akavuta maji yale puani kutoka kiganjani. Ili dawa isimwagike, alizibana pua kwa vidole au kwa kibano kidogo cha chuma kwa muda wa dakika kadhaa. Kwa matumizi ya namna hiyo, tumbaku ilimkera mtumiaji peke yake. Nyumba haikupata moshi hata kidogo.

Kwa upande mwingine, moshi wa kuni ulikuwa mwenyeji wa kila siku. Katika nyumba ya miti, udongo na nyasi, moshi wa mafiga ulipanda na kupenya katika paa, na masizi yake yalisaidia kuyakinga makuti au nyasi na wadudu. Moshi huo haukuhesabiwa kuwa uchafu wa kuondolewa. Ulikuwa sehemu ya matunzo ya nyumba.

3. Njia ya misafara na chetezo

Kaskazini ya Kalemie ya leo palikuwa na Mtowa, mojawapo ya vituo ambako mitumbwi iliyotoka Ujiji ilitia nanga katika karne ya 19. Kwa njia hiyo waungwana wa pwani na wafuasi wao waliingia Manyema, na kwa jina lao lugha yao ikaitwa Kingwana. Biashara yao ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa, na haifai kuitaja lugha iliyoenea bila kuyataja mateso yaliyofuatana nayo. Pamoja na lugha, ziliingia dini na desturi za nyumbani.

Miongoni mwa desturi za pwani ni kufukiza nyumba kwa ubani au udi. Kitenzi chenyewe ni cha Kibantu: fuka ni kutoa moshi, na fukiza ni kusababisha kitu kifuke. Majina ya vitu vinavyofukizwa, ubani na udi, yametoka katika Kiarabu. Makaa hutiwa katika chetezo, ubani ukawekwa juu yake, na moshi ukaenezwa vyumbani na katika nguo. Hufanywa hivyo kumpokea mgeni, kuadhimisha arusi, kuandamana na dua au kumstahi maiti. Maana yake, basi, ni heshima na baraka. Kufukiza hakukuwa kufagia, wala hakukuwa kupiga deki. Nyumba ilifagiwa kwanza, kisha ikafukizwa.

Pwani hiyohiyo ilikuwa na msamiati kamili wa kuvuta tumbaku kwa maji. Kiko ni chombo cha maji, mara nyingi kibuyu au kifuu; digali ni mrija unaopitisha moshi kuingia majini; shilamu ni mrija wa kumfikishia mvutaji; na malio ya kiko ni mlio wa maji yanapotokota kwa pumzi. Wingi wa majina haya waonyesha kwamba kuvuta kulikuwa shughuli yenye vyombo vyake, si jambo la kufanywa kitandani au jikoni kwa kupitia tu.

4. Reli, sigara na nyumba mpya

Mji wa Albertville, ulioitwa Kalemie tangu mwaka 1966, ulianzia katika kituo cha kijeshi kilichowekwa na Mbelgiji Jacques mwishoni mwa mwaka 1891. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na reli ya Kabalo ilifika Albertville mwaka 1915. Tangu hapo bandari hiyo ndogo iliunganishwa na bahari zote mbili, na bidhaa za viwandani zikapata njia rahisi.

Sigara ilikuwa bidhaa ya namna hiyo. Mashine ya James Bonsack, iliyopewa hataza huko Marekani mwaka 1881, ilikuwa imeifanya sigara kuwa kitu cha bei ndogo, na kampuni ya British American Tobacco iliundwa mwaka 1902 ili kuiuza nje ya Marekani na Uingereza. Sigara haihitaji kiko wala kikao. Huvutwa ofisini, chumbani na karibu na kitanda cha mtoto. Nayo nyumba ilikuwa ikibadilika: kuta za saruji, dari, madirisha ya vioo, mapazia na magodoro. Paa la nyasi lilipitisha moshi. Chumba chenye dari huuzuia, na vitambaa huunywa.

5. Sababu ya harufu kudumu

Watu wengi, wakikutana na harufu hiyo, huendea chetezo au manukato. Utafiti wa karne hii waeleza kwa nini njia hiyo haitoshi. Nikotini na kemikali nyingine za moshi hunata juu ya kuta, vumbi na nguo, kisha hurudi hewani kidogo kidogo. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California walionyesha kwamba nikotini iliyonata, ikikutana na asidi ya naitrasi iliyomo hewani, huzaa kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Mwaka 2011 utafiti mwingine wa California ulionyesha kwamba nyumba zilizohamwa na wavutaji zilikuwa bado na mabaki hayo baada ya miezi miwili, ijapokuwa zilikuwa zimetayarishwa kwa wapangaji wapya. Mtoto atambaaye sakafuni na kutia vidole kinywani ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi.

Ubani hauondoi mabaki hayo. Moshi wake nao una chembe ndogo zinazoingia mapafuni, hivyo afukizaye chumba chenye harufu ya sigara huongeza moshi juu ya moshi. Pua hudanganyika kwa siku moja au mbili, ukuta haudanganyiki.

6. Kuosha, kukwangua na kukandika

Njia ifaayo ni kuyatoa mabaki yenyewe. Kwanza, uvutaji ukomeshwe ndani ya nyumba, kwa kuwa bila hivyo kazi yote ni bure. Pili, vitambaa vifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, tena zaidi ya mara moja, vikaanikwe juani. Godoro lililojaa harufu kwa kawaida halisafishiki. Tatu, kuta za saruji, dari, milango na vioo vioshwe kwa sabuni, kisha vipanguswe kwa maji yaliyotiwa siki au ndimu. Nikotini ina tabia ya magadi, na uchachu huigeuza kuwa chumvi inayoyeyuka majini. Maji yabadilishwe mara kwa mara, maana kitambaa kichafu hurudisha kilichotolewa. Chokaa au rangi hupakwa baada ya kuosha; ikipakwa kabla, harufu huweza kupenya tena.

Ukuta wa udongo haukubali kuoshwa. Hapo ufundi wa zamani una jibu: tabaka la nje hukwanguliwa, likatupwa mbali, na ukuta ukakandikwa upya. Kazi hii ya wajenzi wa vijijini, ambayo mara nyingi hudharauliwa kuwa ya kimaskini, yakaribiana zaidi na mashauri ya wataalamu kuliko manukato ya dukani.

7. Hitimisho

Kongo ilijiunga na Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005, lakini mkataba hauoshi kuta. Kazi hiyo hubaki nyumbani, na hutegemea pia maneno ambayo watu hutumia kuielewa. Kufukiza kuendelee kuwa neno la heshima, mgeni na dua. Kusafisha kubaki katika mikono ya kuosha, kufua, kukwangua na kukandika. Mpaka huo ulijulikana na wazee waliofagia kwanza ndipo wakafukiza. Sigara, iliyoingia baadaye, ndiyo iliyoufanya usahaulike.