Limba, Ayous na Hinoki: Kibao cha Zamani Katika Mchezo wa Leo

Agosti 2004, mjini Athens, Ryu Seung-min wa Korea Kusini alimshinda Wang Hao wa China kwa seti 4 kwa 2 na kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika tenisi ya meza. Raketi aliyoishika kama mtu ashikavyo kalamu ilichongwa kutoka kipande kimoja cha hinoki, msaiprasi wa Japani, mti uleule unaojengewa hekalu la Ise kila baada ya miaka 20. Ndani yake hamkuwa na kaboni wala tabaka la pili. Hakuna mwanamume mwingine aliyeitwaa dhahabu hiyo tena kwa raketi ya aina ile.

Je, mbao tupu imepitwa na wakati? Jibu limo katika historia ya kibao chenyewe, yaani ule ubao unaobaki raba zikibanduliwa.

Mchezo ulipoanza Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, wengi walitumia raketi zilizowambwa ngozi kama ngoma. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaja mbao iliyobandikwa raba ya vinundu, na kwa nusu karne mchezo ukawa na mlio wake: mpira ukigonga, mpinzani alisikia na kukadiria nguvu ya pigo. Mwaka 1952, kwenye mashindano ya dunia ya Bombay, Hiroji Satoh wa Japani alitokea na raketi ya sponji nene. Mlio ukafa, wapinzani wakapotea, naye akaondoka bingwa. Mwaka 1959 Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo liliweka mipaka: raba na sponji yake zisizidi milimita 4 kwa unene. Kanuni inayotumika leo inataka angalau asilimia 85 ya unene wa kibao iwe mbao ya asili.

Mbao hiyo inatoka wapi? Hapa ndipo Mwafrika anapopaswa kusimama kidogo. Kibao cha kawaida cha tabaka tano, kiwe kimetengenezwa Sweden au Japani, mara nyingi huwa na limba kwa nje na ayous katikati. Yote miwili ni miti ya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati. Limba huota hadi Mayombe, upande wa magharibi wa Kongo. Waghana huiita ofram, na nchini Côte d'Ivoire inajulikana kama fraké. Ayous ni jina la Kameruni. Ghana ni wawa, Nigeria ni obeche. Ayous ni nyepesi na hukatika vizuri, ndiyo maana hukaa kitovuni, ikikipa kibao unene bila kukilemea. Limba ina ulaini unaoruhusu mpira kuzama kidogo kabla ya kuruka, na mchezaji huuhisi mpaka kwenye vidole. Wajenzi wa magitaa nao waliijua sifa yake: kampuni ya Gibson ilipotoa gitaa la Flying V mwaka 1958, ililichonga kwa limba, iliyouzwa kwa jina la biashara la korina. Mti huo wa Afrika unastahili kutajwa kila inapotajwa fahari ya raketi za Ulaya.

Ukiongeza tabaka mbili, mambo hubadilika. Clipper, kibao cha kampuni ya Stiga chenye tabaka saba, ni kizito na kigumu zaidi, na hupenda pigo la kubamiza. Liu Guoliang wa China alikitumia katika enzi zake. Mwaka 1996 alitwaa dhahabu mbili za Olimpiki mjini Atlanta, ya mmoja mmoja na ya wawili wawili.

Kisha mpira wenyewe ukaguswa. Mwaka 2000 kipenyo kilitoka milimita 38 hadi 40. Mwaka 2008 gundi zenye kemikali za kuongeza kasi zilipigwa marufuku. Mwaka 2014 seluloidi ilianza kuipisha plastiki. Kila hatua ilipunguza kasi au mzunguko wa mpira, na wachezaji wa juu wakafidia kwa nyuzi za kaboni. Viscaria, kibao cha kaboni cha kampuni ya Butterfly kilichotoka mwaka 1993, ndicho alichokishika Zhang Jike wa China aliponyakua dhahabu ya Olimpiki ya London mwaka 2012.

Lakini wachezaji wa klabu si Zhang Jike. Kaboni hurudisha mpira upesi, na mkono usiokomaa huuona ukipaa nje ya meza. Raba za sasa zina sponji yenye nguvu kuliko zile za miaka ya 1970, kwa hiyo kibao tulivu cha mbao huzisawazisha. Anayesokota mpira kwa mwendo mrefu wa mkono atanufaika na tabaka tano. Anayepiga bapa karibu na meza atafute saba. Hinoki ya kipande kimoja, yenye unene unaokaribia milimita 10, ni ya yule aliyekwisha kuzoea mshiko wa kalamu na mwenye miguu ya kukimbilia kila kona.

Anayenunua kibao kilichotumika akikague kingo zake: tabaka zikianza kuachana, akiache. Atazame pia uso wake, maana gundi huweza kunyofoa nyuzi za mbao raba inapobanduliwa. Kisha akigonge kwa mpira na kusikiliza. Mlio mwembamba ni dalili ya ugumu na kasi. Mlio mzito ni dalili ya ulaini. Kanuni haziweki kikomo cha umbo, ukubwa wala uzito wa raketi, mradi kibao kiwe bapa na kigumu. Raba ndizo zinazotakiwa ziwe kwenye orodha ya zilizoidhinishwa. Kwa hiyo kibao cha babu kinaweza kuingia mashindanoni leo kikivaa raba mpya, na kwa mchezaji anayetaka kimoja cha kukaa nacho miaka mingi, limba na ayous katika tabaka tano, uzito wa gramu 85 hivi, ndicho cha kuchukua kwanza.