Habari za Watu wa Kyela Waliotafuta Kazi Mbali

Twaona vijana wenye nguvu na elimu wakizunguka mijini bila kazi, na wakiulizwa sababu hujibu, "Sina mtu." Maneno hayo mafupi yana historia ndefu katika nchi ya Kyela. Yafaa tuifuate, tujue huyo "mtu" alifanya nini hata kukosekana kwake kukawa msiba.

Zamani kazi haikutafutwa. Wanyakyusa walikaa katika vijiji vya marika: wavulana wapatao miaka kumi walijenga vibanda vyao kando ya nyumba za baba zao, wakakua pamoja, wakala pamoja. Kukaa vema na wenzi kulihesabiwa kuwa ndio utu wenyewe. Lakini tangu mwaka 1898 serikali ya Wadachi ilianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3, na fedha haikuota migombani. Waingereza waliposhika nchi kodi iliendelea, na haja nyingine zikaongezeka: nguo, majembe, ada za shule. Basi watu wakaanza kutoka.

Safari kubwa ya kwanza ilikuwa ya Lupa, upande wa Chunya, ambako dhahabu ilionekana mwaka 1922. Miaka ya 1930 maelfu ya watu walifanya kazi huko. Kutoka ukingo wa ziwa mtu alipanda milima ya Rungwe, akapita Mbeya, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Wenye machimbo wengi walikuwa Wazungu wenye mali kidogo. Dhahabu isipoonekana, mshahara ulichelewa au ulipotea kabisa. Mgeni angemjuaje bwana anayelipa na bwana asiyelipa? Hakuna gazeti lililoandika hayo. Yalijulikana kwa kinywa cha aliyerudi. Kijana aliyekuwa na mwenzi wa rika lake huko Lupa alikwenda moja kwa moja mahali pa salama. Asiye naye alijifunza kwa hasara. Basi faida ya kwanza ya "mtu" ilikuwa habari.

Faida ya pili ilikuwa malazi. Hayo yalionekana katika migodi ya shaba ya Rodeshia ya Kaskazini, nchi iitwayo leo Zambia. Mwaka 1930 migodi hiyo ilikuwa na wafanyakazi Waafrika zaidi ya 30,000. Bei ya shaba ikaanguka duniani, na kufika mwisho wa mwaka 1932 walibaki chini ya 7,000. Kazi ziliporudi, wenye migodi hawakuhitaji tena kuandikisha watu vijijini, maana watu walikuja wenyewe wakasimama langoni. Lakini ni nani awezaye kusimama langoni majuma mengi bila chakula wala pa kulala? Ni yule mwenye ndugu ndani. Wanyakyusa waliofika Luanshya, Nkana na Mufulira walipokelewa na wenzao waliotangulia.

Faida ya tatu ilikuwa kusadikiwa, na hapa ndipo penye jambo la kufikiri sana. Wanyakyusa wengi waliingia chini ya ardhi kupakia mawe, kazi ngumu kuliko zote. Kalamu za makarani zilishikwa zaidi na watu wa ng'ambo ya mto Songwe, waliosoma katika shule za misioni ya Livingstonia. Hawakuwa na akili kuwapita watu wa Kyela. Walikuwa na shule iliyojulikana mbali, na barua ya mwalimu ilisomwa na kuaminiwa. Mnyakyusa naye alipelekwa na ndugu yake mpaka pale ndugu mwenyewe alipofika, yaani kwenye koleo. Ndugu hawezi kukufikisha mbali kuliko alipofika yeye.

Na asiye na mtu kabisa? Huyo alijiandikisha kwa Wenela, chama cha kutafutia migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini watu. Mwaka 1913 serikali ya huko ilikataza kuchukua watu wa nchi za joto, maana walikufa wengi kwa ugonjwa wa mapafu. Katika miaka ya 1930 njia ikafunguliwa tena. Wenela walitoa nauli na chakula, lakini mtu hakujichagulia mgodi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 njia hiyo ilifungwa.

Huko kwenye shaba watu waliona mapema kwamba undugu peke yake hautoshi. Mwaka 1949 waliunda chama cha wafanyakazi, na mwaka 1953 wakapiga kura kuwaondoa wazee wa makabila waliokuwa wakiwasemea mbele ya wakubwa. Walitaka haki ya mtu isitegemee kabila lake.

Siku hizi nafasi za serikali hutangazwa hadharani na Sekretarieti ya Ajira, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Hivyo ile faida ya kwanza, yaani habari, yaweza kumfikia hata asiye na mtu. Mbili zilizobaki ni juu yetu. Mwenye chumba mjini ampokee kijana wa kijijini kwake majuma machache, na si mwana wa nduguye tu. Mwalimu amwandikie barua ya kweli kijana aliyemfundisha, hata kama baba yake hajulikani. Waliotangulia Lupa walifanya hivyo kwa wa rika lao. Sisi tumfanyie hata yule asiyetuhusu.