Vichwa vya risasi vya kusubu nyumbani: Nta, kalibu na vumbi lenye sumu

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki, na risasi ni madini yenyewe, yale mazito na laini yaliyomo kwenye betri ya gari. Hata Kiarabu, tulikolitoa neno hili, kinayaita hivyo hivyo. Nchini Marekani wapo watu ambao maana hizo mbili zinakutana kwenye gereji zao kila wikiendi: wanayeyusha risasi ili wapate risasi.

Ili tusichanganyikiwe, humu "risasi" itakuwa madini. Kinachoruka kwenda kwenye shabaha tutakiita kichwa. Risasi nzima ya bunduki ina ganda, fataki, baruti na kichwa, na wanaosubu (yaani kumimina madini yaliyoyeyuka kwenye kalibu) wanatengeneza hicho kichwa tu.

Je, ni halali? Huko kwao, ndiyo. Chini ya sheria ya shirikisho ya silaha ya mwaka 1968, anayetaka kuzifanya biashara ndiye anayehitaji leseni, siyo anayetengeneza za kutumia mwenyewe. Huku kwetu habari ni nyingine kabisa. Kenya na Tanzania zina sheria kali za silaha na risasi zake, na kujitengenezea bila kibali ni kosa la jinai. Kwa hiyo soma kama maarifa, usiende kuwasha jiko.

Sababu ya kwanza ya kusubu ni pesa: mpiga shabaha anayefyatua mamia ya risasi kwa mwezi anaokoa fedha nyingi. Nyingine ni bunduki za kale ambazo vichwa vyake havipatikani dukani. Halafu kuna raha tu ya ufundi. Kampuni ya Lyman iliyoanzishwa mwaka 1878 inauza kalibu hadi leo, na mfugaji wa Idaho, Elmer Keith, alijijengea jina kwa kuchora maumbo ya vichwa vya kusubu ambayo bado yanatumika.

Risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 hivi, kiwango ambacho jiko la kawaida linafikia. Shida ni kwamba ni laini mno, unaweza kuikwaruza kwa ukucha. Ndo maana huchanganywa na bati, linalosaidia kujaza kila kona ya kalibu, na antimoni, inayoleta ugumu. Mchanganyiko maarufu una risasi asilimia 90, bati 5 na antimoni 5. Wengi hawanunui madini mapya, wanaokota vile vipande vya kubalansi magurudumu kwenye maduka ya tairi. Lakini siku hizi vingi ni vya zinki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 419. Ukizidisha moto, zinki inaingia kwenye chungu na madini yote yanagoma kujaa vizuri kwenye kalibu.

Betri za gari je? Hapana. Zina asidi, na vibamba vyake vina kemikali zinazoweza kutoa gesi zenye sumu kali. Hata wasubuji wazoefu hawazigusi.

Kazi yenyewe haina maneno mengi. Chungu cha umeme kinapashwa hadi nyuzi 370 au 400 hivi, taka zinazoelea zinakorogwa na kuenguliwa, kisha madini yanamiminwa kwenye kalibu ya alumini au chuma yenye mikono kama koleo. Kalibu ikiwa baridi, kichwa kinatoka na makunyanzi. Ikiwa ya moto sana, kinatoka na ukungu mweupe, ambao haudhuru. Vibovu vinarudishwa chunguni, na hapo ndipo ajali ya kutisha hutokea: tone moja la maji likizama ndani ya madini ya moto linageuka mvuke papo hapo na kuyarusha hadi darini. Miwani, glavu na mikono mirefu siyo mapambo.

Sasa tuje kwenye nta, maana hapa ndipo wanaoanza wanapokwama.

Kichwa kinapopita kwenye mtutu kinasuguliwa, na nyuma yake kuna gesi ya moto inayotafuta upenyo. Ikiupata, inachoma ubavu wa kichwa na kuacha utando wa risasi ndani ya mtutu. Baada ya muda bunduki hailengi tena sawasawa, na kuusafisha ni kazi ya jioni nzima. Kwa hiyo vichwa vya kusubu vina mifuo kiunoni, na mifuo hiyo hujazwa kilainishi. Karne ya 19 walitumia nta ya nyuki na mafuta ya wanyama. Baadaye ikaja fomula ya chama cha wamiliki wa bunduki, NRA: nusu nta ya nyuki, nusu Alox. Wengine siku hizi wanatumia kilainishi cha maji, wanatikisa vichwa humo na kuviacha vikauke usiku kucha.

Kumbe mara nyingi utando ukitokea kosa siyo la nta, ni la kipimo. Kichwa kinatakiwa kiwe kinene kidogo kuliko mtutu wenyewe, kwa kama elfu moja ya inchi. Kikiwa chembamba, gesi inapita pembeni hata ukipake nta ya mzinga mzima. Anayeanza hukimbilia kuongeza antimoni apate ugumu, wakati kichwa laini kinachokaa vizuri humshinda kigumu kinacholegea.

Hatari haiko pale unapodhani

Wengi huogopa moshi wa chunguni. Kwenye joto hilo, mvuke wa risasi ni kidogo sana. Kinachodhuru zaidi ni vumbi: lile tabaka la kijivu linaloenguliwa juu, unga unaobaki mezani, uchafu wa viganjani. Msubuji anashika sigara au mkate, sumu imeingia. Anarudi sebuleni na nguo zile zile, anambeba mtoto.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa watoto inashambulia ubongo, na madhara hayarudi nyuma. Marekani humhesabu mtoto kuwa na kiwango cha juu akifikisha mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu. Kwenye damu hupungua kwa nusu baada ya mwezi hivi, lakini iliyoingia kwenye mifupa hukaa miongo, na mama akiwa mjamzito inaweza kurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni.

Mombasa wanaijua hadithi hii bila bunduki yoyote. Kiwanda cha kuyeyusha betri kando ya kijiji cha Owino Uhuru kiliacha wakazi na risasi mwilini, na Phyllis Omido aliyepigania haki yao alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama mjini humo iliamuru fidia ya Sh1.3 bilioni, kesi ikaenda rufaa.

Kwa hiyo wasubuji makini hawafanyii jikoni wala hawatumii sufuria itakayopikiwa tena. Hawafagii vumbi kavu, wanafuta kwa kitambaa chenye maji. Hawali wala kuvuta sigara kazini, nguo zao zinafuliwa peke yake, na wanapima damu mara kwa mara.

Huko California sheria imeshasogea mbele. Tangu Julai 1, 2019 ni marufuku kuwinda na risasi yenye madini ya risasi popote kwenye jimbo hilo, sababu kubwa ikiwa kondori, tai wakubwa waliokuwa wakifa kwa kula mizoga yenye vipande vyake. Wasubuji wa huko bado wanasubu na kupaka nta kwa ajili ya shabaha. Mawindoni wanabeba vichwa vya shaba, vya dukani.