Kola ya Juan de Pareja

Tangu niache chuo, mwalimu wangu ni picha iliyo kwenye simu: Juan de Pareja, aliyechorwa na Velázquez huko Roma mwaka 1650. Nainakili kwa rangi za mafuta. Uso nimeuweza kiasi. Kola ya lesi ndiyo imenitoa jasho. Nilichora tundu moja moja, ikawa chandarua. Kumbe mzee alipitisha brashi mara chache tu, jicho likamalizia.

Pareja alikuwa mtumwa wake, msaidizi karakanani. Mwaka huohuo aliandikiwa hati ya uhuru, lakini atumike miaka minne zaidi. (Uhuru gani huo?) Mwaka 1661 alichora Kuitwa kwa Mathayo Mtakatifu, akajiweka kushoto kabisa, mkononi karatasi yenye jina lake. Sasa nanakili uso huo, aliojichorea mwenyewe.